Vifaa vya Kujibia Visivyo na Chuma katika Chumba cha IRM: Mwongozo kwa Watafiti na Mafundi wa Kisangani

Kifaa cha kujibia katika chumba cha IRM, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndicho kinachomwezesha mtu aliyelala ndani ya mashine kuipa kompyuta jibu: ndiyo au hapana, kushoto au kulia, nimeona au sijaona. Nje ya chumba hicho kazi hiyo hufanywa na kibodi, kipanya au kijiti cha michezo. Ndani, vifaa hivyo vya kawaida haviruhusiwi, kwa kuwa vimejaa springi, skrubu, nyaya za shaba na elektroniki. Badala yake hutumika vifaa vya plastiki, mbao, raba na nyuzi za kupitishia mwanga, ambavyo havina chuma na havipitishi umeme.

Haja ya vifaa hivi ilianza pale IRM, ambayo Nairobi na Dar es Salaam huitwa MRI, ilipoacha kuonyesha umbo la ubongo tu na kuanza kuonyesha utendaji wake. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walieleza jinsi kiasi cha oksijeni katika damu kinavyobadilisha ishara ya mashine, na mwaka 1992 zikachapishwa picha za kwanza za ubongo wa binadamu ukifanya kazi kwa njia hiyo. Moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kugonganisha vidole, jambo lisilohitaji kifaa chochote. Mara watafiti walipotaka kujua kidole kilisogea lini hasa, na kama jibu lilikuwa sahihi, kifaa kikawa cha lazima.

Kisangani ina watu wa kuitumia njia hii. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963, na mageuzi ya vyuo vikuu ya mwaka 1971 yalipeleka masomo ya saikolojia na elimu katika kampasi hiyo, hivyo majaribio ya kumbukumbu, usikivu na lugha si mageni pale. Mtafiti wa mji huo anayetaka kutazama ubongo wakati mtu anafanya majaribio kama hayo atahitaji kifaa cha kujibia, kiwe cha kununua au cha kujitengenezea, ambacho kitakubaliwa popote mashine ilipo: Kinshasa, Kampala, Nairobi au kwingineko.

Kinachokatazwa na sababu zake

Sababu ya kwanza ni mvuto. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Tesla 1.5 ni zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Sumaku hiyo hutokana na koili zilizozamishwa katika heli ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na mkondo ulio ndani yake huzunguka bila kusimama. Haizimwi usiku, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika sumaku inaendelea kuvuta kama kawaida. Chuma, nikeli, kobalti na aina nyingi za chuma cha pua huvutwa kwa nguvu inayoongezeka ghafla kadiri kitu kinavyokaribia mdomo wa mashine. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani uliruka na kumuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine. Springi ya kitufe ni ndogo, lakini jicho la mshiriki haliko mbali nayo.

Sababu ya pili ni mikondo ya umeme isiyotakiwa. Wakati wa kupiga picha, koili nyingine hubadilisha uga wa sumaku mara nyingi kwa sekunde. Huko ndiko kunakotoka mlio mkali wa mashine. Waya uliojikunja kuwa kitanzi katikati ya uga huo huzalisha umeme wake wenyewe, hata kama haujaunganishwa na chochote. Umeme huo unaweza kumchoma mtu, au kuonekana na kompyuta kama kitufe kilichobonyezwa.

Sababu ya tatu ni joto. Mashine hupeleka mawimbi ya redio mwilini, na waya mrefu huyapokea kama antena. Katika mashine ya tesla 1.5 urefu wa wimbi ndani ya nyama ya mwili ni karibu sentimita 50, na katika tesla 3 ni karibu sentimita 26. Waya unaokaribia nusu ya urefu huo na kugusa ngozi unaweza kuunguza nchani. Shaba na alumini hazivutwi na sumaku, lakini kwa joto hili ni hatari sawa na chuma.

Sababu ya nne ni kelele za redio. Ishara inayotoka kwenye ubongo ni dhaifu mno, ndiyo maana chumba chote huzungushiwa kuta za shaba zinazozuia mawimbi ya nje. Kifaa cha elektroniki kilichowekwa ndani ya kuta hizo kinakuwa kituo cha redio kilichoingizwa sebuleni. Mfano uliozoeleka ni kibao cha Arduino Uno, ambacho mapigo yake yanaendeshwa kwa megahezi 16. Mara nne ya 16 ni 64, na mashine ya tesla 1.5 husikiliza karibu kabisa na megahezi 64. Mara nane ni 128, palipo na mashine ya tesla 3. Kibao cha bei ndogo kinachofaa sana mezani kinaweza kuchora mistari kama ya zipu katikati ya picha ya ubongo.

Mwisho, hata kitu kisichovutwa wala kupata joto kinaweza kupotosha uga kikiwa karibu na kichwa, na picha ikapinda mahali hapo. Kifaa kinachokaa mapajani kina nafuu katika hili. Kinachokaa kifuani au mdomoni hakina.

Kutokana na sababu hizo, neno «bila chuma» halitoshi. Kanuni kamili ina sehemu tatu: chumbani kisiingie kinachovutwa, kisiingie kinachopitisha umeme, na kisiingie kinachotoa mawimbi. Kila uamuzi wa utengenezaji unaofuata hapa chini unarudi kwenye kanuni hiyo.

Nguvu ya mashine hubadilisha uzito wa kila hatari

Eneo hili la Afrika lina mashine za nguvu tofauti sana. Mjini Blantyre, Malawi, Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth iliwekewa mwaka 2008 mashine ya tesla 0.35 iliyotumika kuchunguza ubongo wa watoto wenye malaria ya ubongo. Mjini Mbarara, Uganda, mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na washirika wa Uholanzi, kiliunganisha mashine ndogo ya karibu tesla 0.05, iliyojengwa kwa sumaku za kudumu zilizopangwa katika duara. Hospitali kubwa za miji mikuu zina tesla 1.5, na chache tesla 3.

Masafa ya redio hufuata nguvu hiyo: kila tesla 1 ni megahezi 42.6. Mashine ya aina ya Mbarara husikiliza karibu na megahezi 2, ya Blantyre karibu na 15, na nyingine 64 au 128. Kwa hiyo kifaa kilichofaulu katika mashine moja hakihesabiwi kuwa kimefaulu katika nyingine. Katika mashine dhaifu mvuto na joto hupungua, lakini kelele za redio huwa tatizo kubwa zaidi, kwa sababu ishara yenyewe ni ndogo na mashine hizo mara nyingi hazina chumba chenye kuta za shaba. Chaja ya simu au ya kompyuta iliyo jirani inaweza kuharibu picha. Picha za utendaji wa ubongo zinahitaji uga wenye nguvu, kwa kawaida tesla 1.5 au zaidi, hivyo mwongozo huu unachukua mashine ya kiwango hicho kama kipimo.

Vitu vya kutengenezea

Plastiki ya asetali, inayouzwa pia kwa jina la Delrin, ndiyo bora kwa sehemu zinazosogea: ni ngumu, inateleza yenyewe bila mafuta, na hunyonya maji kidogo sana. Nailoni inafaa kwa skrubu, lakini katika hewa yenye unyevu hunyonya maji na kuvimba kidogo. Kisangani, iliyo chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta na yenye mvua karibu mwaka mzima, kitufe cha nailoni kilichochongwa kikabana sawasawa kinaweza kukwama baada ya wiki chache. Plastiki ya PLA ya mashine za kuchapa maumbo ni rahisi kupata umbo, ila hulegea kwenye joto la nyuzi karibu 60, kiasi kinachofikiwa ndani ya gari lililofungwa juani. Akriliki ni ngumu na safi, lakini hupata nyufa ndogo ikipanguswa mara kwa mara kwa spiriti, na vifaa vya hospitali lazima vipanguswe.

Mbao ngumu iliyokaushwa vizuri na kupakwa vanishi inafaa kwa kisanduku na kwa egemeo la mkono. Misumari haitumiki, viungo vifungwe kwa gundi au vigingi vya mbao. Mirija laini ya dripu na mabomba ya sindano za plastiki, bila sindano zenyewe, yanafaa kwa vifaa vya hewa.

Vitu vyeusi vinahitaji uangalifu. Kaboni si chuma, lakini nyuzi za kaboni na grafiti hupitisha umeme na hupata joto. Raba ya mipira ya ndani ya baiskeli, inayopatikana kwa kila fundi wa toleka (baiskeli za kubebea abiria), hutiwa masizi ya kaboni, na baadhi hupitisha umeme kidogo. Vidonge vyeusi vilivyo chini ya vitufe vya rimoti na vya vijiti vya michezo vimetiwa kaboni makusudi ili vipitishe. Silikoni nyeupe au isiyo na rangi ni salama zaidi. Weusi peke yake si kosa, kwani plastiki nyingi nyeusi zina masizi machache mno. Kipimo cha ukinzani ndicho kinachoamua. Ncha za kipimo zikandamizwe mahali palipokwaruzwa, kwa maana juu ya kitu panaweza kuwa na tabaka la gundi linaloficha kaboni iliyo ndani.

Vifaa vya kununua hupimwa na kuwekewa alama. Mraba wa kijani humaanisha kifaa ni salama katika mashine yoyote. Pembetatu ya njano humaanisha ni salama kwa masharti yaliyoandikwa, kama nguvu ya mashine na umbali kutoka mdomo wa mashine. Duara jekundu lenye mstari humaanisha kisiingie. Kifaa cha kujitengenezea hakina alama hata kama kila kipande chake ni plastiki, na uamuzi wa kukiruhusu ni wa msimamizi wa usalama wa kituo husika.

Njia za kupeleka jibu nje

Akili yote ya kifaa hukaa nje ya chumba. Ndani hubaki sehemu inayoguswa tu, na jibu husafiri kwa mwanga, kwa hewa au kwa kutazamwa.

Mwanga ndio njia kuu. Uzi mmoja huleta mwanga kutoka kwenye taa ndogo ya LED iliyo nje, mwingine huurudisha kwenye kihisi cha mwanga, na kitufe hukaa kati yao kama mlango. Nyuzi za plastiki zenye kiini cha milimita 1, zikitumia mwanga mwekundu wa nanomita 650, hupoteza karibu desibeli 0.2 kwa kila mita. Safari ya mita 10 kwenda na 10 kurudi hupoteza desibeli 4 tu, na bado unabaki mwanga wa kutosha kwa kihisi cha bei nafuu. Ucheleweshaji wake haufikii hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Udhaifu wa nyuzi hizi ni kukunjwa: mkunjo mkali kuliko duara la nusu kipenyo cha sentimita 2.5 huvujisha mwanga na mwishowe huvunja uzi. Ganda la nje nalo lichunguzwe, kwa kuwa kebo nyingine hutiwa uzi wa chuma wa kuziimarisha.

Hewa ni njia ya zamani na rahisi. Mpira wa kubinya ambao kila mshiriki hupewa ili kuita msaada hufanya kazi hivyo: akibinya, shinikizo husafiri kwenye mrija hadi nje. Mrija wa mita 10 huchelewesha ishara kwa angalau milisekunde 29, kwani sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, na mrija laini huongeza zaidi. Njia hii haifai kupimia kasi ya jibu, ila inafaa sana kupimia nguvu ya kubana kwa mkono au kwa wagonjwa wasioweza kutumia kidole kimoja kimoja.

Kutazama ni njia ya tatu. Kamera iliyo nje ya chumba, nyuma ya dirisha la kioo, hufuata jicho kupitia kioo kidogo kilichowekwa juu ya kichwa. Mshiriki hashiki chochote. Gharama ni kubwa na maandalizi ni marefu, lakini kwa mtu aliyepooza mikono huenda ndiyo njia pekee. Sauti ni ngumu zaidi, maana mlio wa mashine huweza kupita desibeli 100. Zipo maikrofoni za nyuzi za mwanga kwa kazi hiyo, na programu ya kuchuja mlio ni ya lazima. Kuongea pia hutikisa kichwa.

Aina za vifaa

Kisanduku cha vitufe ndicho kinachotumika zaidi. Huwa na vitufe viwili, vinne au vitano kwa kila mkono, kimoja kwa kila kidole. Kampuni kama Current Designs ya Philadelphia na NordicNeuroLab ya Bergen hutengeneza visanduku vya namna hii vinavyotumia nyuzi za mwanga. Mshiriki amelala chali na haoni mikono yake, hivyo vitufe vitambulike kwa kuguswa: kimoja kiwe na nundu, kingine na shimo, na visipangwe vingi kiasi cha kumfanya mtu apapase.

Mpira wa kuviringisha huchukua nafasi ya kipanya, kwa sababu ndani ya tundu la sentimita 60 au 70 hakuna meza ya kukisogezea. Mpira huzungusha visahani viwili vya plastiki vyenye matundu, na nyuzi za mwanga huhesabu matundu yanayopita. Kijiti cha kuongozea hutumia njia kama hiyo kwa pande mbili. Kibodi kamili huhitajika kwa uchunguzi wa kuandika na tahajia, na ni kazi ngumu kwa sababu kila herufi inataka njia yake ya mwanga. Katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, watafiti wa muziki wametengeneza hata kinanda na selo za nyuzi za mwanga ili kutazama ubongo wa mwanamuziki akipiga ala.

Kwa anayeanza, kisanduku cha vitufe viwili kinatosha maswali mengi, na ndicho kinachoelezwa hapa.

Kutengeneza kisanduku cha vitufe viwili

Kisanduku kichongwe kutoka kipande cha asetali au mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 8, upana wa 6 na unene wa 2. Mashimo mawili ya wima yatobolewe kwa umbali wa vidole viwili vilivyotulia, yaani karibu sentimita 2.5 kati ya vitovu vyake. Kwa kila shimo la wima litobolewe shimo jembamba la ulalo linalolikata, lenye kipenyo kinacholingana na ganda la uzi, kwa kawaida milimita 2.2.

Nyuzi mbili ziingizwe katika shimo la ulalo kutoka pande mbili hadi ncha zake zitazamane zikiacha nafasi ya milimita 2 au 3. Ncha zikatwe kwa wembe mkali mara moja bila kusugua kama msumeno, kisha zing'arishwe kwa msasa laini kabisa uliolowa. Ncha iliyochakaa hupoteza mwanga mwingi kuliko mita nyingi za uzi.

Kigingi cha kitufe kiteremke katika shimo la wima. Kikiwa juu, mwanga upite chini yake. Kikibonyezwa milimita 3, kiuzibe. Mpangilio huu una faida kuliko ule wa kinyume. Uzi ukikatika au taa ikizimika, kompyuta huona kitufe kimebonyezwa muda wote, na hitilafu hujulikana papo hapo. Katika mpangilio wa kinyume uzi uliokatika hufanana na mshiriki aliyenyamaza, na data hupotea kimyakimya.

Cha kukirudisha kitufe juu kisiwe springi ya chuma. Ukanda mwembamba wa plastiki uliofungwa upande mmoja, au kipande cha silikoni chini ya kigingi, kinatosha. Nguvu ya kubonyeza iwe karibu na ile ya kibodi ya kawaida, yaani kati ya nyutoni 0.5 na 1. Kitufe kigumu huchosha na hutikisa bega. Kilicho laini mno hubonyezwa na uzito wa kidole kilichopumzika.

Nyuzi zote zikusanywe katika ala moja ya plastiki yenye urefu wa kutoka mapajani hadi nje ya chumba, pamoja na mita 2 au 3 za ziada. Upande wa nje kila uzi uingie katika sanduku lenye LED, vihisi na kibao kidogo cha elektroniki. Kihisi kiwekewe mipaka miwili, mmoja wa kubonyezwa na mwingine wa kuachiliwa, ili mwanga unaoyumba mpakani usihesabiwe kuwa mibonyezo mingi.

Kupita ukutani

Kuta za shaba huwa na bomba la chuma lililotengenezwa kupitishia vitu visivyopitisha umeme. Mawimbi ya redio yenye urefu wa mita hayawezi kupenya bomba jembamba, mradi urefu wa bomba uwe mara kadhaa ya kipenyo chake. Bomba la kipenyo cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 8 au zaidi hufanya kazi vizuri. Faida hiyo yote hupotea waya mmoja wa shaba ukipitishwa humo, kwa kuwa waya na bomba kwa pamoja huwa njia kamili ya kuingizia kelele. Kwa hiyo kupitia bomba ziende nyuzi za mwanga, mirija ya hewa na kamba za plastiki tu. Mlango wa chumba usiachwe wazi kidogo ili kupitisha kebo. Mwanya huo huharibu kinga ya chumba kizima.

Kompyuta na muda

Kibao cha nje hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, na vitufe huwa namba 1 na 2. Mashine nayo hutoa mpigo mmoja kila inapoanza kupiga picha mpya, na kwa desturi mpigo huo huingizwa kama namba 5. Programu za bure kama PsychoPy na OpenSesame hupokea namba hizo bila marekebisho.

Kibodi nyingi za USB huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, hivyo jibu linaweza kuchelewa hadi milisekunde 8. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7. Mtu mwenyewe huhitaji milisekunde 200 hadi 250 kubonyeza anapoona taa. Mabadiliko ya damu ubongoni hufika kilele baada ya sekunde 5 au 6, hivyo kwa ramani ya ubongo ucheleweshaji huu hauna uzito. Unakuwa na uzito pale kasi ya jibu yenyewe inapochunguzwa. Hapo ucheleweshaji wa mfumo mzima upimwe na kuandikwa.

Kompyuta ya majaribio iendeshwe kwa betri yake wakati wa kipindi, na sanduku la nje lipate umeme kutoka kwenye kompyuta hiyo. Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, kipindi hakivurugiki upande wa majibu.

Vipimo kabla ya mtu kuingia

Kipimo cha kwanza hufanyika Kisangani. Sumaku kali, kama ile ya ndani ya diski ngumu mbovu, ining'inizwe kwa uzi na kusogezwa karibu na kila kipande kimoja kimoja. Ikitikisika, kipande hicho kitupwe. Kisha kila kipande kipimwe ukinzani. Vipande vipimwe kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa kipande kilichofichwa ndani ya kisanduku hakipimiki.

Kipimo cha pili ni cha mazoea. Mfano wa mashine hujengwa kwa plaiwudi na bomba pana, ukiwa na kitanda, kioo na spika ya kupiga mlio uliorekodiwa. Mshiriki hulala humo na kufanya jaribio zima kwa kisanduku kilekile. Hapo huonekana kama anaweza kutofautisha vitufe, na kama mkono wake unatikisa kichwa. Kichwa kinachosogea hata milimita 1 huharibu picha, hivyo kiwiko kiegemezwe kwa mto, kisanduku kifungwe pajani kwa utepe wa kitambaa usio na ndoana ya chuma, na vidole peke yake ndivyo visogee.

Kipimo cha tatu hufanyika kwenye mashine yenyewe, pamoja na teknisheni wa radiolojia. Chupa ya majaribio iliyojaa maji hupigwa picha mara mbili, bila kifaa na kikiwepo, nacho kikibonyezwa kwa kijiti cha mbao. Picha hizo mbili hulinganishwa mahali penye giza nje ya chupa. Mistari mipya au chembechembe zilizoongezeka humaanisha kelele zinapita, na mara nyingi chanzo ni waya au elektroniki iliyosogezwa karibu mno na bomba la ukutani. Kifaa kisipewe mtu mpaka kipite hapa.

Siku ya kipindi

Mshiriki huhojiwa kuhusu vyuma vilivyomo mwilini kabla ya jambo lingine lolote. Kwa watu wa Kisangani hojaji hii haifai kupitishwa haraka. Mapigano ya siku sita ya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda yaliua mamia ya raia mjini na kujeruhi wengi zaidi, na aliyekuwa mtoto wakati ule anaweza kubeba kipande cha bomu bila kukijua. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kuwa na chembe za chuma machoni. Penye shaka ipigwe kwanza picha ya eksirei. Nywele za bandia zenye vibanio, hirizi, sarafu, simu na nguo zenye nyuzi za kumeta viachwe nje.

Kifaa kiingizwe na mtu mmoja aliyekikagua, nyuzi zikipangwa kando ya kitanda bila kugusa ngozi wala kupita chini ya magurudumu. Mshiriki abonyeze kila kitufe mara kadhaa huku mtu wa nje akisoma kwenye skrini. Mpira wa kuita msaada awekewe mkono wa pili na ujaribiwe peke yake. Kisanduku cha majibu hakichukui nafasi yake. Aelezwe pia kwamba akihisi joto au maumivu abinye mpira mara moja, hata jaribio likiwa katikati.

Baada ya kipindi kisanduku kipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti, ila sehemu za akriliki zipanguswe kwa maji ya sabuni. Nyuzi zizungushwe kwa duara pana na ncha zifunikwe, kisha vyote viwekwe katika kasha linalofungwa pamoja na mifuko ya chumvi ya kunyonyea unyevu. Katika daftari la kifaa iandikwe tarehe, mashine iliyotumika, nguvu yake, na sehemu yoyote iliyobadilishwa. Skrubu moja ikibadilishwa, kifaa kinahesabiwa kuwa kipya na vipimo vyote vitatu vinaanza upya.